Kusafisha programu kongwe: anza kwa kuinakili kama ilivyo, na makosa yake

Programu ninayoitunza hapa Chake Chake inapiga hesabu ya ujira wa wachumaji karafuu. Ni programu huria iliyoandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, na Python 2 yenyewe iliachwa kuhudumiwa tangu tarehe 1 Januari 2020. Walioianzisha wameshatawanyika. Ukiachiwa kazi ya namna hii, nenda hivi.

1. Iwashe kwanza. Usibadilishe hata herufi. Kila amri unayoipiga mpaka ikawaka, iandike kwenye README, faili la maelekezo linalokaa pamoja na programu. Soma na leseni, maana ndiyo inayokupa ruhusa ya kubadilisha na kusambaza.

2. Andika majaribio, yaani vijiprogramu vya kuikagua, ya inavyofanya leo. Hapa usiharakishe. Jaribio lisiseme programu ingepaswa kutoa nini, liseme inatoa nini. Nilichukua daftari la msimu mmoja, nikaingiza mzigo mmoja mmoja na kunakili majibu. Ndipo nikaukuta mstari huu:

`pishi = vibaba / 4`

Pishi ni vibaba vinne. Mtu akileta vibaba 7, Python 2 inagawa namba kamili na kuangusha kinachobaki: jibu ni 1. Vibaba vitatu vya mchumaji vimekwenda bure, jasho lake la juu ya mkarafuu. Python 3, kwa mstari uleule, inatoa 1.75, wala haionyeshi kosa lolote. Zana ya 2to3, ya kugeuza Python 2 kuwa Python 3, itakurekebishia `print`, lakini mgawanyo haiugusi.

3. Hamisha, kisha sahihisha, usichanganye. Wakati wa kuhamia Python 3 niliandika `//`, alama ya kugawa na kuangusha kinachobaki, jibu likabaki 1 na majaribio yote yakapita. Iliniuma kuliacha kosa lile, ingawa msimu mpya ulikuwa haujafunguliwa na hakuna ambaye angelipwa kwa hesabu hiyo kabla sijaisahihisha. Komiti iliyofuata (badiliko lililohifadhiwa kwenye git, zana inayotunza historia ya msimbo) ikawa ya mstari ule tu: `/`, jaribio jipya, na maelezo ya sababu. Mchumaji akija kuuliza kwa nini mwaka jana alipata pungufu, ninamfungulia mahali penyewe na tarehe yake.

4. Chambua. Makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, hayatupwi, yanakwenda kiwandani Wawi yakatolewe mafuta. Msimbo usioitwa na yeyote hauna mafuta. Ufute, git inao. Usipojua mstari ulikuja kwa nini, `git log -S` itakuonyesha komiti iliyouleta.

5. Maktaba (msimbo wa wengine ambao programu inautegemea) moja kwa wakati. Ipandishe toleo, endesha majaribio, komiti. Kikiharibika kitu baadaye, `git bisect` itakupeleka kwenye komiti iliyokiharibu.

6. Tafuta mtunzaji wa pili. Programu yenye mtunzaji mmoja iko hatarini kila siku. Mimi nimemkabidhi ufunguo wa kuibadilisha kijana mmoja wa Wete, na sharti langu la kwanza lilikuwa aiwashe kwenye kompyuta tupu kwa kufuata README peke yake, bila kunipigia simu. Alikwama amri ya tatu. Nilikuwa nimeisahau, nikaiongeza siku ileile.