Namna ya kueleza batoto jinsi kioo kinapitisha kuran (mkondo wa umeme) kikipigwa na leza

Kioo kwa kawaida hakipitishi umeme, lakini leza, yaani mwanga mkali sana, inaweza kukipitishia kwa muda mfupi kabisa. Kama uko profu wa fizike hapa Lubumbashi, usianze na leza, anza na nyaya. Vua plastiki kwa kisu, unganisha betri na balbu ya tochi. Mukuba ukigusa mukuba, balbu inawaka, ukiweka plastiki katikati inazima, ukiweka kipande cha kioo inabaki giza vilevile. Waache waguse wenyewe, usiwaharakishe, maana mengine yote yanatoka kwenye hiyo giza.

Sasa chora kwenye tablo nyumba ya ghorofa, ndiyo ngazi za nguvu za elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme ndani ya kioo. Chini elektroni wamejaa mpaka hakuna wa kusogea, juu ni kutupu. Kwenye silika, yaani kioo safi kabisa, kupanda juu kunataka elektronivolti 9 hivi (ni kipimo cha nguvu ya elektroni), na chembe moja ya mwanga wa infraredi (ule macho hayauoni) ya leza inaleta kama 1.6 tu. Mtoto mwerevu atauliza, sasa utapanda namna gani? Hapo ndipo utamu! Mwambie mwanga wenyewe ni wimbi la umeme, na ukilikaza mpaka karibu volti bilioni 20 kwa mita, linainamisha ile nyumba yote, ukuta unakuwa mwembamba, elektroni wanapenya bila kupanda ngazi.

Tafadhali usiseme leza inachoma kioo, ni kosa nalisikia sana. Mpigo wa leza ukikawia, ndiyo, elektroni wanagongana, wanaongezeka, joto linapanda na kioo kinaharibika. Lakini huu unadumu femtosekunde chache tu, na femtosekunde moja kwa sekunde ni kama sekunde moja kwa miaka milioni 31 hivi. Wimbi likipita, kioo kinarudi kuwa kioo.

Kisha wape jaribio lenyewe: mwaka 2013, watafiti wa Garching, Ujerumani, kundi la Ferenc Krausz (huyu alipata tuzo ya Nobeli ya fizike 2023 pamoja na Anne L'Huillier na Pierre Agostini), waliweka dhahabu pande mbili za silika, nafasi nanomita 50 hivi (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), wakapiga mwanga. Upitishaji wa umeme wa silika ulipanda zaidi ya mara bilioni ya bilioni ndani ya femtosekunde moja, na wakigeuza umbo la wimbi, kuran nayo inageuka njia.

Na zile leza ndogo za sokoni usizilete darasani, nguvu hiyo hazina hata kidogo, zinaumiza macho ya batoto bure.