Kupima asidi na besi nyumbani kwa kabichi la zambarau

Ukikosa litmasi (karatasi ya kupimia asidi na besi), nenda sokoni ukanunue kabichi la zambarau. Litmasi hukuambia asidi au besi basi. Kabichi huonyesha hata ukali wake.

Katakata robo ya kabichi, mwagia nusu lita ya maji ya moto, funika dakika 15, kisha chuja. Tumia bakuli la kioo au chombo cha chuma cha pua. Sufuria ya alumini huvuta rangi kuelekea bluu kabla hujapima chochote. Maji ya kisima nayo mara nyingi yana ubesi, kwa hiyo maji ya mvua ni bora. Maji ya kabichi yakitoka bluu badala ya zambarau, kosa liko hapo.

Weka bilauri angavu juu ya karatasi nyeupe, tia vijiko viwili vikubwa vya maji ya kabichi, ongeza nusu kijiko cha chai cha unachopima. Kitu cha unga kiyeyushe kwanza kwa maji. Anza na bilauri tatu za kulinganishia: ndimu (nyekundu au waridi), maji matupu (zambarau), magadi (kijani). Siki itaangukia upande wa ndimu, baking soda itakuwa bluu hadi bluu-kijani, sabuni ya mche kijani. Soma rangi mchana. Taa ya njano huchanganya bluu na kijani. Soda nyeusi haipimiki hivi, rangi yake inafunika kila kitu. Mafuta ya kula usihangaike nayo, hayachanganyiki na maji.

Jiki ndiyo inayodanganya wengi. Rangi hugeuka kijani au njano kwa muda mfupi kisha hupotea kabisa, kwa sababu jiki inaiunguza rangi yenyewe. Hapo tumia bizari ya manjano: koroga kijiko cha chai kimoja katika vijiko vitatu vikubwa vya spiriti (mbali na moto), chovya karatasi ya kuchujia kahawa, ianike. Ikiguswa na besi hugeuka nyekundu-kahawia. Soma papo hapo, kwani jiki itaifuta nayo. Ikibaki njano, haikuambii kama ni asidi au maji tu.

Vaa glavu ukishika dawa ya choo, na usimwage bilauri ya jiki pamoja na ya siki, ndimu au dawa ya choo: hutoka gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Mwaga moja, suuza sinki kwa maji mengi, ndipo umwage nyingine.

Maji ya kabichi yaliyobaki hukaa siku chache kwenye friji. Yakianza kunuka, tengeneza mengine.