Kuchora fonti pana ya mlazo: kazi ni baada ya kuinamisha

Fonti pana zenye sura ya vyombo vya angani zina ukoo wake. Mwaka 1952 Alessandro Butti na Aldo Novarese, wa kiwanda cha herufi za chapa cha Nebiolo mjini Turin, Italia, walitoa Microgramma, herufi kubwa tupu. Mwaka 1962 Novarese akaiendeleza kuwa Eurostile, yenye herufi ndogo pia. Siri yao iko kwenye O: si duara, ni mstatili uliolainishwa kona, kama kioo cha televisheni ya zamani.

Anza na O hiyo, kisha H. FontForge, programu ya kuchora fonti, inatosha, tena ni ya bure. Kwenye em (mraba wa kipimo cha herufi) ya yuniti 1,000, kimo kiwe 700 na upana wa O 950. Mistari iliyosimama ipe unene wa 120, inayolala 100. Ukiilinganisha, jicho litaona inayolala imenenepa. C, G, D na Q zitoe kwenye O.

Hifadhi nakala iliyosimama, ndipo uinamishe nyuzi 12. Egemeo liwe katikati ya kimo, yaani 350. Ukiegemeza chini, kila herufi itasogea kulia kama yuniti 74 na nafasi za pembeni zitapotea.

Wengi huishia hapo, na ndiyo maana kazi zao zinaonekana zimevutwa tu. Itazame O kwa karibu: kona ya juu kulia na ya chini kushoto zimevimba, mbili zilizobaki zimekonda. Sogeza nukta za mstari wa ndani kwa mkono, yuniti chache chache, mpaka kona zilingane. S nayo ina ugonjwa huo huo, na ndiyo sumbufu kuliko zote. Kwenye A mguu wa kushoto hukonda na wa kulia hunenepa. V ni kinyume chake.

Nafasi zijaribu kwa maneno ya Kiswahili, maana A zetu ni nyingi. WATAYATAKA itakuonyesha mapengo ya WA, TA na YA kwa mkupuo mmoja. NG'OMBE itakuonyesha kama kile kialama kinaelea mbali na G.

Kwenye matumizi, pima kwanza. HALMASHAURI kwa pointi 48 inakula karibu sentimita 17; A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 ina 16 tu. Aya nzima usithubutu.

Stika za magari zina mtego. Ubavu wa kulia, pua ya gari iko kulia kwa msomaji, na herufi zinakimbia nalo. Ubavu wa kushoto, wenye mlango wa abiria huku kwetu, herufi zile zile zinaonekana kurudi nyuma. Usiziinamishe kushoto, zitasomeka kwa taabu. Upande huo bandika zilizosimama, zile ulizohifadhi.