Somo: Je, simu yako inahitaji antivirusi?

Kwa simu nyingi za Android, hapana. Kwa iPhone, hapana kabisa, kwa sababu mfumo wake hauruhusu programu moja kukagua nyingine. Android nayo huifungia kila programu kwenye chumba chake, isichungulie cha jirani bila ruhusa yako. Wezi wanalijua hilo. Hawahangaiki kuvunja ukuta, wanakuomba wewe uwafungulie mlango.

Hapa Kisumu mlango huo huja kwa WhatsApp: faili inayoishia na .apk, yaani faili ya kusakinisha programu ya Android, imepewa jina la mkopo wa haraka. Ukiigusa, simu inauliza kama unairuhusu WhatsApp kusakinisha programu. Ukikubali, programu inafunguka na kuomba Ufikivu. Ufikivu uliundwa kuwasaidia wasioona vizuri: husoma kila kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe badala ya mtumiaji. Programu ya mkopo haina haja nao hata kidogo. Ukiipa, inasoma namba za siri zinazokuja kwa SMS na kufunika programu ya benki kwa skrini bandia.

Fanya hivi leo:

1. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, kisha Play Protect, halafu Changanua. Hii ndiyo antivirusi uliyokwisha kuwa nayo, na hukagua hata programu zilizotoka nje ya Play Store.

2. Nenda Mipangilio, tafuta "Sakinisha programu zisizojulikana". Zima ruhusa hiyo kwa WhatsApp, Chrome na programu ya mafaili. Ukifanya hatua moja tu, iwe hii.

3. Mipangilio, Ufikivu: zima kila huduma usiyoitambua.

4. Mipangilio, Kuhusu simu: angalia tarehe ya sasisho la usalama. Kama ni ya miaka miwili iliyopita, antivirusi haitaziba tundu hilo. Usiweke programu ya benki kwenye simu hiyo.

Majina ya menyu hutofautiana kati ya Tecno, Samsung na nyingine. Tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

MASWALI

Ahero: Fundi, kila nikiwasha data naandikiwa "Simu ina virusi 13". Niweke programu wanayopendekeza?

Jibu: Usiiweke, dada. Hilo ni tangazo la tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa. Bonyeza arifa bila kuachilia mpaka jina la tovuti litokee, kisha uizime. Halafu ingia Chrome, nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, uondoe tovuti zote usizozijua.

Nakuru: Simu yangu ina RAM ya GB 2. Niongeze antivirusi ya bure?

Jibu: Itakula RAM na chaji mchana kutwa, na nyingi za bure zinaishi kwa matangazo. Kama kazi inakulazimisha kuweka programu za nje ya Play Store, chagua moja tu, iliyopimwa na maabara kama AV-TEST ya Ujerumani.

Kakamega: Nimeshaiweka hiyo ya mkopo. Kitufe cha kuondoa kimefifia, hakibonyezeki.

Jibu: Imejipa usimamizi wa kifaa. Kwanza zima data na Wi-Fi, isiendelee kutuma chochote. Bonyeza kitufe cha kuzimia, kisha shikilia neno "Zima" kwenye skrini mpaka simu ikuulize kuhusu hali salama, kubali. Humo programu ulizoziongeza hazifanyi kazi. Tafuta "Programu za msimamizi wa kifaa" kwenye Mipangilio, ondoa tiki yake, sasa kitufe kitakubali. Ikikataa bado, hifadhi picha na namba zako, urudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Wakati huohuo toa laini, iweke kwenye simu nyingine safi, na ubadilishe PIN ya M-Pesa na nywila ya barua pepe ukiwa huko. Ukibadilisha kwenye simu hiyohiyo kabla haijasafishwa, mwizi ataiona PIN mpya pia.