Somo: Kompyuta ya Windows inapoanguka na skrini ya buluu kutaja tcpip.sys

Swali la namna ya kutibu kosa hili huulizwa kila mara, kwa hiyo nimeona heri kuliandikia somo moja ambalo wanaolileta tena wataelekezwa kulisoma. Faili la tcpip.sys ni sehemu ya Windows inayoendesha TCP/IP, yaani itifaki (kanuni) za mawasiliano ya mtandao.

1. Andika jina la kosa na la faili. Kwa kawaida ni DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL pamoja na tcpip.sys, au ndis.sys na netio.sys, ambazo nazo ni faili za mtandao za Windows. Faili kutajwa hakuthibitishi kwamba itifaki ndiyo mbovu, kwa sababu data hupitia pia kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao, antivairasi na VPN, na yeyote kati ya hao anaweza kuwa ndiye aliyeiharibu.

2. Sakinisha masasisho yote ya Windows. Kasoro ya usalama yenye namba CVE-2020-16898, iliyozibwa Oktoba 2020, iliwezesha tangazo bandia la ruta la IPv6 (toleo jipya la itifaki ya intaneti, baada ya IPv4) kuiangusha Windows 10.

3. Weka draiva ya kadi ya mtandao kutoka tovuti ya mtengenezaji.

4. Ondoa VPN na antivairasi ya ziada, moja baada ya nyingine. Kuzizima tu hakutoshi, maana vichujio vyake, yaani draiva zinazokagua data ya mtandao, hubaki vimepakiwa.

5. Rejesha mipangilio ya itifaki kwa kufungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha kuandika netsh int ip reset na netsh winsock reset. Tafadhali usikimbilie hatua hii. Amri ya kwanza hufuta anwani za IP zilizowekwa kwa mkono, pamoja na geti (njia ya kutokea mtandaoni) na DNS (seva inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), na ikiwa kompyuta hiyo ndiyo seva ya ofisi, mashine zote zinazoitafuta kwa anwani ya zamani zitaikosa. Tangulia na ipconfig /all > C:\mtandao.txt, inayohifadhi mipangilio ya sasa kwenye faili, unakili faili hilo kwenye flashi, kisha ndipo urejeshe na kuwasha upya. Usifanye hivi ukiwa mbali na mashine, kwani unaweza kupoteza mawasiliano nayo katikati ya kazi.

Maswali ya wanachama

— Nimefanya yote, bado inazima. Nisaidie haraka.

Skrini inataja faili gani? Rudi hatua ya kwanza.

— Mkuu, si rahisi kuzima IPv6 moja kwa moja?

Microsoft yenyewe haishauri hivyo. Ukitaka IPv4 itangulie, weka thamani iitwayo DisabledComponents kuwa 0x20 kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Wanaoweka 0xFFFFFFFF huongeza sekunde 5 za kusubiri kila kompyuta inapowaka.

— Nitajuaje draiva yenye hatia?

Swali zuri, ndugu. Fungua faili jipya zaidi la C:\Windows\Minidump, ambako Windows huhifadhi kumbukumbu za mianguko, kwa WinDbg (programu ya Microsoft ya kuichambua), andika !analyze -v, kisha usome orodha ya miito (draiva zilizokuwa zikiitana wakati wa kuanguka) iliyo karibu na tcpip. Jina lisilo la Microsoft ndilo la kuanza kulichunguza, na ukilibandika hapa tutalisoma pamoja.

— Nyongeza: modemu za USB huacha adapta zilizofichika. Kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows), fungua menyu ya View, chagua Show hidden devices, uzifute.

Ahsante, hilo linafaa sana. Mtu atengeneze kwanza nukta ya kurejesha mfumo, kisha afute adapta moja moja, na zile zenye jina WAN Miniport aziache, kwani ni za Windows yenyewe.