Kwa aliyeanza dawa wiki hii

Kama umetoka CTC, kliniki ya dawa za VVU, na kichupa chako cha kwanza kimefungwa gazeti, juu ya gazeti nailoni, juu ya nailoni kanga, naandika kwa ajili yako. Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Nilianza dawa mwaka 2009 nikiwa na CD4, yaani seli za kinga, 87 tu, nimekonda hata kanyagio la mashine lilikuwa linanishinda. Siku hizi, mara mbili kwa wiki, nafunga kibanda asubuhi naenda kukaa kwenye benchi karibu na dirisha la dawa. Mimi ni WAVIU mshauri, yaani naishi na VVU na nawashauri wenzangu. Naanza na jambo ambalo hakuna anayeniuliza.

Usimdanganye sista idadi ya vidonge.

Mwaka 2018 tulipata msiba Kilosa, upande wa mume. Nilifunga vidonge vitatu kwenye kipande cha kitambaa, nikijua matanga ni siku tatu. Mambo ya mirathi yakaanza, nikakaa siku kumi na mbili, nalala mkeka mmoja na mawifi wasiojua hali yangu. Niliporudi, kichupa kilikuwa na vidonge tisa vya ziada. Kliniki ilikuwa baada ya siku nne. Mtu mzima mimi, nikavitumbukiza chooni vyote tisa. Sista akahesabu vilivyobaki, vikakaa sawa. "Hongera mama." Siku hiyo hiyo ilikuwa zamu yangu ya kutolewa damu ya kupima wingi wa virusi.

Majibu yakarudi 4,300. Sasa fikiria faili linavyosomeka: mgonjwa anameza vizuri, hajakosa hata kimoja, na virusi vimepanda. Maana yake dawa imeshindwa. Wakaanza kuzungumzia kunihamishia mstari wa pili, yaani dawa za mtu ambaye za kwanza zimemshinda, na dawa zangu za kwanza zilikuwa nzima kabisa! Hapo ndipo nikasema ukweli, machozi na kamasi. Sista hakunigombeza. Nilifanyiwa ushauri nasaha miezi mitatu, nikapimwa upya, virusi havikuonekana. Kwa hiyo ukiwa na vidonge vilivyozidi, nenda navyo vyote.

Kwa nini siku tisa tu zilete balaa? Mimi huwa naeleza kwa sungusungu. CD4 si yule kijana mwenye rungu. Ni mpiga yowe. Yeye ndiye anayeamsha seli nyingine, hizi zikatengeneze kinga za kunasa vijidudu, zile zikaue seli zilizokwisha kuambukizwa. VVU vinaingia ndani ya huyo mpiga yowe, vinajipachika kwenye vinasaba vyake na kumfanya kiwanda cha kuzalisha virusi vingine, hadi anakufa. Wenye marungu wapo, lakini wamelala, hakuna wa kuwaamsha. Mtu mwenye afya ana CD4 kati ya 500 na 1,500. Zikishuka chini ya 200, hata fangasi wa kinywani aliyekuwa anakaa kwa adabu anapata kiburi.

Dawa inazuia virusi kuzaliana, ila haiwafikii wale waliojificha ndani ya seli zilizolala. Ukiacha, hao wanaamka, kwa wengi ndani ya wiki chache tu. Na dawa ikiwa kidogo kidogo mwilini ndiyo mbaya zaidi, maana virusi vinaizoea huku vinazaliana.

Sasa kumeza kwenyewe. Zamani tulipewa mchanganyiko wenye efavirenzi, unameza usiku, unaota unakimbizwa na ng'ombe mpaka alfajiri. Kuanzia 2019 wengi tulihamishiwa TLD: tenofovir, lamivudini na dolutegravir ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Usichague saa kwa kuangalia ukuta. Chagua kitu ambacho hujawahi kukisahau. Mimi ni kupaka mashine mafuta asubuhi. Nikishika kikopo cha mafuta, mkono wa pili unatafuta kichupa. Dada mmoja wa pale kliniki anauza vitumbua, yeye humeza akishaweka kikaango motoni. Na kama dawa inakunyima usingizi, meza asubuhi.

Kula si sharti. Narudia, maana nimewaona watu wakiruka dozi kwa sababu ya njaa: TLD inamezwa hata tumbo likiwa tupu.

Kinacholeta shida ni inachokutana nacho tumboni. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu vinaishika dolutegravir isiingie kwenye damu. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vya kuongeza damu na vya kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na TLD, ila hapo lazima ule. Bila chakula, fuata saa zile zile. Ukigundulika TB na kuanzishiwa dawa zenye rifampisini, utaongezewa dolutegravir nyingine baada ya saa 12, kwa hiyo kliniki ya TB ijue unatumia ARV, yaani dawa hizi za VVU. Wa metformini ya kisukari au karbamazepini ya kifafa waseme pia.

Umesahau? Meza ukikumbuka. Kama zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi ijayo, subiri hiyo. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Kelele za kichupa nazo ni mtihani. Kinalia kama kayamba, na kwenye daladala unahisi kila mtu anaujua wimbo. Wengine huhamishia vidonge kwenye karatasi. Usifanye hivyo, vinapata unyevu. Nilijaribu pamba, mfamasia akaikataa kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nakunja nailoni laini inayokuja na zipu mpya, safi na kavu, naishindilia juu mpaka kichupa kinanyamaza. Kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kiache humo humo, si cha kutupa wala cha kula.

Ukisafiri, beba dozi za siku mara mbili ya ulizopanga, na kadi yako ya CTC. Vikiisha ukiwa mbali, ingia CTC yoyote iliyo karibu na uwaonyeshe kadi. Kilosa zilikuwepo. Nilikuwa naona aibu tu.

Ndani ya miezi sita hivi utapimwa wingi wa virusi. Ukiambiwa havionekani, havijaisha, ila haviwezi kumwambukiza mwenzako kwa kujamiiana maadamu unaendelea kumeza. Kunyonyesha kuna taratibu zake, mtoto anapewa dawa yake, kwa hiyo huko fuata ya kliniki. Siku wifi yangu mmoja alipoanza dawa, mimi ndiye niliyemkunjia nailoni ya kwanza. Alikuwa miongoni mwa wale wa kwenye mkeka.