Bomba la maji moto lidumu: mwongozo kwa nyumba za Mwanza zenye sola

Muuzaji akikwambia PPR, bomba la plastiki la maji moto, hudumu miaka 50, hadanganyi, ila miaka hiyo ina masharti. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10508, daraja la 2 (la maji moto), huigawa hivi: miaka 49 kwenye nyuzijoto 70, mwaka 1 kwenye 80, na saa 100 tu kwenye 95. Sasa chukua gesti ya mtaa wa Capri Point yenye sola ya kupasha maji, ile ya mirija ya vioo. Wageni wasipokuwepo, maji yanaweza kuchemka kabisa, na huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yakichemka kwa muda wa saa 4 kila alasiri, bomba lililoshikana na tangi linamaliza saa zake 100 ndani ya siku 25.

Hatua ya 1: Nunua kwa kupima. PVC ya maji baridi iache dukani. Chukua PPR ya PN20 (PN ni daraja la presha). Ya milimita 20 ina ukuta wenye unene wa milimita 3.4, wakati PN10 ina 1.9 tu. Mstari mwekundu usikubabaishe, rangi haina unene.

Hatua ya 2: Hapa ndipo penye kazi. Usiunge PPR moja kwa moja kwenye tangi la sola. Toka na shaba, angalau mita moja, kisha funga vali ya kuchanganyia maji moto na baridi, uiweke nyuzi 60 au chini. PPR ianzie baada ya vali hiyo. Vali ina bei, na mwenye nyumba atalalamika. Mwonyeshe hesabu ya saa 100. Mbele ya shaba usirudishe bomba la GI (chuma lililopakwa zinki), kwa sababu chembe za shaba zinazobebwa na maji huitoboa.

Hatua ya 3: Chomelea kwa nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5. Liingize bila kulizungusha. Ukizidisha muda, plastiki huvimba ndani na kubana njia ya maji.

Hatua ya 4: Kwenye vilima vyetu huwezi kuchimba, bomba hupita juu ya miamba. PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mita 10 zikipanda nyuzi 40 zinaongezeka sentimita 6. Usizikaze ncha zote mbili. Weka kona ya kupumulia, yaani mkunjo unaoliachia bomba nafasi ya kurefuka. Kisha livike sponji na karatasi ya alumini, maana jua huila PPR isiyofunikwa.

Ukoko wa chokaa usikusumbue sana kama maji ni ya ziwa, ni laini, yana chokaa kidogo. Wenye visima ndio wakague hita zao.

Hatua ya 5: Pima presha kabla ya plasta. Kila mita 10 za kushuka kutoka kwenye tenki la mtaa huongeza bar 1 hivi, kwa hiyo nyumba ya bondeni ifungwe kipunguza presha. Ondoa sola na hita kwenye mstari, ziba ncha, sukuma maji baridi hadi bar 10, acha saa nzima, halafu pitisha mkono kwenye kila kiungo.